Ndege ikigeuza kwa sababu ya moshi, msimlaumu rubani

Jirani yangu hapa Tanga anauza vifaa vya simu, na mzigo wake mwingi anaufuata Dubai. Hivi karibuni alikuja kunisalimia akiwa na hasira ambayo bado haijapoa. Ndege aliyopanda kurudi nyumbani ilikuwa imeruka vizuri, chakula kimeanza kugawiwa, mara rubani akatangaza kwamba wanarudi walikotoka kwa sababu kuna harufu ya kuungua katika chumba cha marubani. Walitua salama, wakapelekwa hotelini, na kesho yake wakasikia kwamba mafundi wamekuta feni ndogo ya kupoza mitambo imekwama na kuungua. "Kapteni, ni feni tu!" aliniambia. "Watu wote wale tumelala njiani kwa ajili ya feni. Hivi wewe kweli ungegeuza?"

Ningegeuza, tena kabla sijajua kama ni feni. Nimeona nimjibu gazetini kwa sababu malalamiko yake si yake peke yake. Abiria wengi wanayo, na katika miaka yangu ya kurusha ndege niliyasikia hata kwa watu wa mahesabu, ambao kwao ndege iliyogeuza ni mafuta yaliyopotea na bili ya hoteli. Rubani anayejua kwamba kesho ataulizwa "kwa nini uligeuza?" huanza kusitasita. Moshi ukishaingia chumba cha marubani, kusitasita ndiko kunakoua.

Nianze na ndege ndogo, maana ndiko nilikoanzia. Nilipokuwa kijana nikirusha Cessna 206 kupeleka watalii Serengeti, niliwahi kunusa waya unaungua nyuma ya vipimo, na ukungu mwembamba wa kijivu ukaanza kupanda kwenye kioo. Kwenye ndege ile hatua ni chache. Unazima swichi kuu ya umeme, na injini inaendelea kunguruma, kwa sababu cheche zake zinatoka kwenye magneto zinazozungushwa na injini yenyewe. Moshi uliponyamaza nikatua Seronera bila redio, na abiria wangu wakashuka wakaenda kutafuta simba wao.

Kwenye ndege kubwa ya abiria huna anasa hiyo. Ndani ya kuta na dari zake kumepita waya zenye urefu wa kilomita zaidi ya mia moja, na karibu kila kitu unachokitegemea kinaishi kwa umeme: vioo vya vipimo, redio, mitambo ya kuongoza. Hewa nayo inazungushwa na mashine kupitia mabomba yaliyotapakaa ndege nzima. Moshi unaotoka kwenye tundu lililo juu ya kichwa chako unaweza kuwa umetoka tumboni mwa ndege, au kwenye mafuta yaliyovuja ndani ya injini, au kwenye oveni ya wahudumu, au nyuma ya paneli unayoegemea. Ukiwa kitini huwezi kuona nyuma ya paneli. Una pua yako tu, na pua huzoea harufu upesi, kisha ikakudanganya kwamba imepungua.

Watu hudhani kwamba rubani akiona moshi jambo la kwanza ni kutafuta moto. Jambo la kwanza ni barakoa ya oksijeni. Imetengenezwa ili uivute na kuivaa kwa mkono mmoja ndani ya sekunde tano, na unaiweka kwenye oksijeni asilimia 100 yenye msukumo, ili hewa itoke nje pembeni mwa uso wako na moshi usipate pa kuingilia. Kama barakoa haifuniki uso mzima, unaongeza miwani ya kinga. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kwa namna ambayo vitabu haviielezi vizuri. Unachosikia masikioni ni pumzi yako na ya mwenzako, zinavuma kupitia maikrofoni. Sauti za watu zinabadilika. Kioo cha miwani kinapata ukungu. Kitufe ulichokibonyeza maelfu ya mara bila kukitazama unaanza kukitafuta kwa vidole. Nilipostaafu kurusha nikafundisha vijana kwenye simuleta, tukiijaza moshi mweupe wa mashine usio na madhara, na nilikuwa nikiwaona vijana hodari kabisa wakisahau kumwambia mwongozaji wa ndege kwamba wana shida. Na huo ulikuwa moshi usiochoma macho.

Jambo la pili, wakati mmoja anaishika ndege, ni kuielekeza kwenye uwanja ulio karibu. Kutafuta chanzo, kuzima mtambo huu na ule, kusoma orodha ya hatua, yote hayo yafanyike pua ya ndege ikiwa imeshaelekea kwenye lami. Wapo watakaosema nakazania jambo dogo. Basi tuangalie kilichowapata Swissair.

Usiku wa tarehe 2 Septemba 1998, ndege ya Swissair namba 111, aina ya MD-11, iliondoka New York kwenda Geneva ikiwa na watu 229. Ilikuwa imefika urefu wa futi 33,000 juu ya pwani ya mashariki ya Kanada wakati Kapteni Urs Zimmermann na rubani msaidizi Stephan Löw walipohisi harufu isiyo ya kawaida. Ilikuwa saa 4:10 usiku kwa saa za huko. Walidhani ni mfumo wa hewa. Dakika nne baadaye walituma wito wa Pan-pan, ambao ni ngazi moja chini ya Mayday, wakataja kurudi Boston, mji uliokuwa maili kama 300 nyuma yao. Mwongozaji akawaambia Halifax uko karibu zaidi, maili 66 tu, nao wakakubali. Lakini walikuwa juu mno kwa umbali ule, na ndege ilikuwa nzito kwa mafuta ya kuvukia bahari ya Atlantiki. Wakageuzwa kwenda pembeni ili wapate nafasi ya kushuka na kumwaga mafuta.

Hadi hapo hakuna aliyekosa utulivu. Ukisoma mazungumzo yao unaona weledi mtupu, watu wawili wanaofanya kazi kwa mpangilio kama walivyofundishwa. Saa 4:24 mtambo wa kujiendesha ukakatika, wakatangaza dharura. Dakika moja na kitu baadaye vinasa sauti na kumbukumbu vikazima. Saa 4:31 ndege iliipiga bahari karibu na kijiji cha Peggy's Cove, Nova Scotia, na hakuna aliyepona. Tangu harufu ya kwanza hadi mwisho zilipita dakika 21.

Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Kanada ilichunguza kwa zaidi ya miaka minne. Walitoa baharini karibu asilimia 98 ya ndege kwa uzito, wakaipanga upya kipande kwa kipande. Walikuta kwamba moto ulianzia juu ya dari, upande wa kulia nyuma ya chumba cha marubani, mahali waya zilipopigana shoti, zikiwamo za mfumo wa burudani wa abiria. Ngozi ya plastiki iliyofunika blanketi za kuzuia joto na kelele ilishika moto na kuusambaza, ingawa ilikuwa imefaulu majaribio ya wakati ule. Baadaye Marekani iliamuru ngozi za aina hiyo ziondolewe kwenye mamia ya ndege. Lakini kwangu mimi, jambo zito kuliko yote katika ripoti ile linahusu makaratasi. Orodha ya hatua za kutafuta moshi wa chanzo kisichojulikana, ukiifuata yote, ilikuwa inaweza kuchukua dakika 20 hadi 30. Ndege yenyewe ilikuwa na dakika 21.

Ripoti hiyo hiyo ilisema kwamba hata kama wangeelekea Halifax moja kwa moja tangu mwanzo, wasingefika salama, kwa jinsi moto ulivyokuwa unaharibu mitambo. Nimewahi kuambiwa na rubani mwenzangu kwamba hilo linavunja hoja yangu. Silioni hivyo. Hukumu ile ilitolewa na wachunguzi waliokuwa na miaka minne na ndege iliyolazwa sakafuni mbele yao. Aliye angani hajui kama moto wake ni ule wa dakika 21 au ni feni itakayojizima. Bodi hiyo ilipopitia matukio 15 ya moto angani tangu mwaka 1967 hadi 1998, ilikuta kwamba muda tangu dalili ya kwanza mpaka ndege kuanguka ulikuwa kati ya dakika 5 na 35. Hicho ndicho kipimo chako. Ukitumia dakika kumi kufikiri, huenda umezitumia zote.

Kisa cha pili ni cha Dubai, mji ambako wasomaji wengi wa gazeti hili wamefika au wana ndugu anayefanya kazi huko. Jioni ya tarehe 3 Septemba 2010, Boeing 747 ya mizigo ya kampuni ya UPS iliondoka pale kwenda Cologne, Ujerumani, ikiwa na marubani wawili tu. Dakika 22 baada ya kuruka, kengele ya moto ililia kutoka sehemu ya mizigo. Mwongozaji wa Bahrain aliwaambia kwamba Doha ndio uwanja wa karibu, kama maili 100. Kapteni akaamua kurudi Dubai, uliokuwa mbali zaidi. Simhukumu. Ndiko alikotoka punde, anaufahamu, na kwa wakati ule alikuwa na kengele tu, bado hajakabwa na moshi.

Ndani ya dakika chache moshi ukajaa kiasi kwamba hawakuweza kuona vipimo vilivyokuwa mbele ya macho yao. Kisha oksijeni ya kapteni ikakatika, kwa sababu joto la moto lilikuwa limeharibu njia yake. Akanyanyuka kitini kutafuta mtungi wa akiba na hakurudi tena. Rubani msaidizi akabaki peke yake, akirusha ndege kubwa asiyoweza kuona vipimo vyake. Hakuweza kuiona redio ili abadili masafa, kwa hiyo ndege nyingine zilizokuwa angani zikawa zinapokea maneno yake na kuyapeleka, kisha zinamrudishia majibu. Kasi yake, urefu wake, upande aelekee, vyote aliambiwa na watu wasiomwona. Alifika Dubai akiwa juu mno na kwa kasi mno, akaupita uwanja. Alielekezwa Sharjah, ulio jirani, lakini ndege ikageukia upande mwingine na kuanguka katika eneo la kijeshi karibu na Nad Al Sheba. Tangu kengele ilie haikutimia nusu saa.

Ninapofika hapa katika kufundisha huwa nanyamaza kidogo, kwa sababu yule rubani msaidizi alifanya kila kilichowezekana kufanywa na mtu asiyeona.

Baada ya ajali hiyo UPS iliweka barakoa za kufunika uso mzima, ambazo huvaliwa haraka zaidi, na pia kifaa ambacho ningependa kukiona kwenye kila ndege inayobeba watu wetu. Ni mfuko wa plastiki angavu unaojaa hewa kati ya uso wa rubani na vipimo vyake. Unausukuma moshi pembeni, na rubani anaegemeza uso wake juu yake kama mvuvi anavyochungulia samaki kupitia miwani ya kuzamia, akaona vipimo muhimu na kioo cha mbele. Hauzimi moto. Unampa macho, na mwenye macho anaweza kutua.

Kutua nako kuna sehemu yake ya pili. Tarehe 19 Agosti 1980 ndege ya Saudia namba 163, TriStar iliyokuwa inakwenda Jeddah, iligundua moto nyuma muda mfupi baada ya kuondoka Riyadh. Ilirudi ikatua bila kuvunjika kitu. Badala ya kusimama ghafla na kufungua milango, iliendelea kutembea kwenye lami kwa zaidi ya dakika mbili, ikasimama, na injini zikabaki zinanguruma. Waokoaji hawakuweza kuukaribia mlango. Walipoufungua hatimaye, watu wote 301 walikuwa wamefariki, ndani ya ndege iliyokuwa imetua salama. Kwa hiyo abiria mwenzangu, siku ukisikia amri ya kutoka, toka. Begi lililo juu liache lilipo. Mtu mmoja anayevuta begi kwenye ujia anawafungia njia wote walio nyuma yake.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina ukweli. Harufu nyingi zinazoripotiwa angani huishia kuwa jambo dogo: feni, mafuta kidogo kwenye mfumo wa hewa, mkate ulioungua jikoni. Kugeuza nako kuna hatari zake. Ndege nzito inayotua kabla ya kupunguza mafuta inahitaji lami ndefu, na lazima ikaguliwe na mafundi kabla ya kuruka tena. Ukiwa juu ya Bahari ya Arabu usiku, uwanja wa karibu unaweza kuwa Salalah, ambako pengine rubani hajawahi kutua. Nayakubali yote. Lakini gharama ya kugeuza bure inajulikana na ina mwisho: ni mafuta, ni hoteli, ni siku moja ya biashara. Jirani yangu aliweza kunitajia ya kwake hadi shilingi ya mwisho. Gharama ya kutogeuza hakuna anayeweza kumtajia.

Ndiyo maana nasema kampuni za ndege za kwetu ziandike waziwazi, na wakubwa wake watie saini, kwamba rubani aliyegeuza kwa sababu ya moshi hataitwa kujieleza kwa ajili ya gharama. Aitwe kusimulia ili wengine wajifunze, basi. Na mamlaka za usafiri wa anga, TCAA kwetu na KCAA kwa jirani zetu wa Kenya, wanapokagua mafunzo wasiridhike kuona rubani anataja hatua kwa kichwa. Wamkalishe kwenye simuleta, barakoa usoni, moshi umejaa, na asivue mpaka ndege imesimama na milango imefunguliwa. Zoezi linaloishia kwenye "moshi umekwisha, endelea na safari" linamfundisha rubani kungoja moshi uishe.

Sasa namrudia jirani yangu na wenzake wa biashara, kwa sababu nao wana mkono katika jambo hili. Ndege ile ya UPS ilibeba zaidi ya betri 80,000 za lithiamu, pamoja na vifaa vyenye betri. Wachunguzi wa Falme za Kiarabu walikuta angalau shehena tatu zilizopaswa kutangazwa kuwa mzigo wa hatari na hazikutangazwa. Seli ya lithiamu ikiharibika hujipasha moto yenyewe, ikampasha jirani yake, ikatoa gesi inayowaka. Gesi ya kuzimia moto iliyo kwenye ndege inaweza kuua ndimi za moto, lakini joto ndani ya betri linabaki na linawasha upya. Kinachosaidia ni maji mengi ya kupoza. Juu, walipo abiria, mhudumu anaweza kuyamwaga. Chini kwenye mizigo hakuna mtu.

Tangu Aprili 2016 shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, limepiga marufuku shehena za betri za lithiamu-ayoni kusafirishwa peke yake kama mizigo kwenye ndege za abiria. Pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenye begi la kukabidhi, unapanda nayo mkononi. Kipimo cha kawaida ni wati-saa 100. Yenye 20,000 mAh ina kama 74, kwa hiyo iko ndani, na ile ya 30,000 mAh inavuka, inahitaji kibali cha kampuni ya ndege. Emirates tangu Oktoba 2025 inaruhusu abiria kubeba moja tu, na haruhusiwi kuitumia akiwa angani. Hata hivyo kuna watu wanaozizungushia nguo katikati ya begi kubwa ili mashine isizione, na kuna mawakala wa mizigo wanaoandika "vifaa vya simu" juu ya boksi lililojaa betri tu. Wakifanikiwa, wanamwekea rubani moto mahali asipoweza kuufikia, na wanamnyima hata habari kwamba upo.

Nimemwambia jirani yangu, na nawaambia wote mnaofuata mzigo Dubai na Guangzhou: toeni betri kwenye mabegi ya kukabidhi, zilizo za biashara zipitisheni kwa njia ya mizigo zikiwa zimeandikwa jina lake halisi, na kama hamna hakika, mwambieni anayepokea mizigo kabla begi halijawekwa kwenye mkanda.